Párky Kwenye Sahani ya Mwanangu

Madam wangu wa Al Barsha, hapa Dubai, alikuwa Mcheki, mumewe Mslovakia, na soseji tu iliwatosha kubishana. Yeye husema párek, mume husema párok. Mimi niliwafanyia usafi siku tatu kwa wiki, na binti yangu wa miaka mitatu nilikwenda naye, acheze na mwanawe.

Mchana mmoja madam alichemsha soseji hizo, akawawekea watoto mbilimbili. Nikamwuliza hilo neno maana yake nini.

Alifurahi huyo! Ni jozi ndogo, akasema. Jozi ni pár, wamelitoa kwa Wajerumani, halafu linatiwa kijimkia mwishoni kitu kiwe kidogo, kama sisi tunavyofanya nyumba ikawa kijumba. Zikiwa nyingi ni párky. Hata ukitaka jozi mbili, ile mbili ya kawaida haifai, wana mbili nyingine ya vitu vya jozi. Nikacheka. Akanipa moja, nikaila nimesimama.

Mumewe akaingia jikoni. Akatazama sahani, akanitazama.

“Huyu si Mwislamu?”

“Nani?” madam akauliza.

“Hizi ni za nguruwe.”

Astaghfirullah! Nilimvuta mwanangu kitini, nikamtia kidole mdomoni kutoa alichokuwa akitafuna. Akalia kama nimempiga.

“Nilidhani Wakenya ni Wakristo,” madam akasema, uso umemwiva.

“Na huu?” Nikashika mtandio wangu. “Miezi mitano unauona kichwani.”

“Nilidhani ni mtindo wa Kiafrika.”

Mtindo! Neno amenichambulia mpaka kwa Wajerumani, nguruwe hakumtaja. Kwetu Mombasa mgeni humwambii historia ya chakula, unamwambia kuna nini ndani. Na mimi nami, mjinga, nilijiambia hii ni Dubai, nchi ya Kiislamu, kitu gani kitaingia friji ya mtu si halali? Kumbe madukani kuna chumba pembeni cha nyama ya nguruwe, cha wasio Waislamu, nimepita mlangoni mara ngapi.

Sikungoja kumaliza vyombo.

Jioni nikamweleza mume wangu. “Mtoto hana dhambi,” akasema. “Na wewe hukujua.”

“Sikuuliza.”

“Basi utauliza.”

“Siendi tena pale!” Nilimpigia kelele yeye, asiye na kosa.

Asubuhi binti yangu akakaa mezani, akaomba párky. Alilitamka sawasawa kabisa. Nikamkaangia yai, akalisukuma.