Taya la Dada Yangu

Nimehama mara nyingi: Nakuru, Malaba, Voi, na sasa chumba cha kupanga Ruiru, karibu na Kamakis. Kila nilikokaa nilipakumbuka nyumbani Gatuanyaga, vumbi lake na harufu ya mbuzi, lakini kwenda sikwenda. Dada yangu mdogo ndiye aliyebaki na mama.

Aliponipigia simu kusema shavu lake limevimba, nilimuuliza kama linauma. Akasema hapana.

"Basi ni gego tu. Sukutua na maji ya chumvi."

Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyetembea sana. Akaniamini miaka mitatu.

Nilirudi siku ya ruracio, wakwe walipoleta mahari ya binti ya kaka yetu. Kwetu bibi harusi hufichwa kati ya wanawake kadhaa, wote wamefunikwa leso kichwa hadi miguu, na bwana harusi lazima amtambue. Dada yangu alikuwa amenunua viatu vya kusimama navyo kwenye mstari wa wanawake hao. Uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa chungwa. Nikamvuta kando.

"Wewe kaa jikoni. Wageni wataanza maswali."

"Si tutafunikwa? Ama unaogopa nichaguliwe mimi?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Akavua viatu, akaenda kupakua mukimo.

Huko jikoni ndiko nesi mmoja wa upande wa wakwe alikomkuta, alipoingia kuomba maji. Alimpapasa taya, kisha akaja kunitafuta kwenye hema.

"Yule ni dadako? Kesho mpeleke Thika kwa daktari wa meno. Usiniambie wiki ijayo."

Huko Thika walimpiga picha ya taya, wakakata kipande kidogo cha uvimbe wakakipima. Tuliporudi kwa majibu, daktari alitueleza polepole. Uvimbe ulitokana na seli za aina ile inayojenga meno utotoni. Kazi ikiisha, hutakiwa kutulia. Hizi ziliendelea kupokea amri ya kukua kutoka kwa kemikali za mwili ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Tena uvimbe wenyewe ulikuwa ukitoa vimeng'enya, ndugu za vile vinavyosaga chakula tumboni, na hivyo vilisaidia kuula mfupa ili uvimbe upate nafasi.

"Na mbona haukuniuma?" dada akauliza.

"Mara nyingi hauumi, mama. Ndiyo shida yake. Si saratani ya kusambaa mwilini, lakini upande huu wa taya hatuwezi kuuokoa. Tutaukata. Mngekuja uvimbe ukiwa mdogo, huenda tungetoa kidogo tu."

Akashika kalamu. "Nani alikwambia ungoje?"

Nilitazama sakafu. Nilisikia kiti cha dada kikilia alipojigeuza.

"Hakuna, daktari. Ni kazi za shamba tu. Ng'ombe hawangojei mtu."

Daktari akaandika hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hata dakika nzima, maana aliandika taratibu. Nikatoa simu mfukoni, nikajifanya nasoma ujumbe.