Mjumbe wa Wananchi

Katika kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chetu, yeye ndiye mjumbe wa wananchi, mkulima kutoka Mollo. Kila fomu ya ridhaa huisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, na pale anapokwama huweka nukta ya penseli bila kumlaumu mtu. Viganja vyake vina sugu za jembe, lakini karatasi huishika kama kifaranga. Juzi daktari mmoja alileta utafiti wa kuwatoa damu wajawazito wa Laela, mkoa mmoja na Mollo. Akatuhakikishia kuwa kila mama atasomewa fomu na atakuwa huru kukataa. Mjumbe akavua miwani.

“Mwanangu, huku kwetu mama humpokea mgeni kwa kupiga magoti na kupiga makofi taratibu. Mtu aliye magotini mbele yako atakwambiaje hapana? Msomee, uondoke, urudi kesho.”

Daktari akakubali, nami katibu nikaandika. Baada ya kikao nikamfuata mjumbe na barua ya kumwomba aendelee miaka mitatu mingine. Nikachuchumaa, nikamwamkia shikamoo, nikampa kalamu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia.

“Marahaba, mwanangu. Sasa nenda, urudi kesho.”