Rejeta Iliyonukia Waridi

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa macho. Tangu jana ulipoliingiza uani hilo gari lako, kuukuu lakini zuri mashallah, mimi furaha imenizidi, natoka nje kulitazama kama mtoto siku ya Idi. Na asubuhi uliponionyesha chupa ya kulanti uliyonunua, hiyo dawa ya kupozea injini, ukasema, "Baba, muuzaji kanambia hii ndiyo nzuri," nikacheka mpaka mama yako akatoka jikoni. Kaa hapa kwanza. Kabla hujafungua hicho kizibo, nikueleze jinsi nusura nimkose huyo mama yako kwa ajili ya chupa kama hiyo.

Nilikuwa kijana wa Ngamiani, Tanga mjini, ndiyo kwanza nimenunua gari. Lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wanne, mlango mmoja haufunguki kwa ndani, lakini nililipenda vibaya sana. Harusi yangu ilikuwa Pangani, na babu yako mzaa mama, Mzee Salim, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutazama saa. Akatuma neno: akdi, kufunga ndoa yenyewe, ni mara tu baada ya sala ya alasiri. Bwana harusi asipokuwepo, mkeka unakunjwa, na yule binamu wa Muheza aliyewahi kuleta posa bado yupo. Hakuwa anatania, maana binamu mwenyewe alialikwa!

Bwana harusi wa watu huendeshwa. Mimi nikakataa. Nilitaka Pangani nzima inione nimeshika usukani.

Sasa sikia ujinga wangu. Siku tatu kabla, kulanti ilikuwa imepungua. Mzee Bakari, fundi wa mtaani kwetu na rafiki wa marehemu baba yangu, alikuwa ameniambia wazi: rejeta ya gari hili ni ya shaba, imezoea kulanti ya kijani, ongeza ileile. Nikaenda dukani. Muuzaji akanitolea nyekundu, imeingia mjini wiki ileile, chupa yake ina picha ya mlima wenye theluji. Nikamuuliza, theluji na Tanga wapi na wapi? Sisi barafu tunayoijua ni ya ubuyu, ya kwenye kimfuko. Akasema, "Hiyo ya kijani ya kizamani, bwana. Wajuzi wote sasa wanatia hii." Neno hilo, ya kizamani, likanichoma. Nikanunua nyekundu, nikaimimina juu ya ile ya kijani, na nafasi iliyobaki nikaijaza maji ya kisima chetu, ambayo hata ukipikia chai unaonja chumvi. Mzee Bakari sikumwambia kitu.

Siku ikafika! Jamaa walitangulia na basi. Ndani ya gari tulikuwa watatu: mimi na joho langu, Mzee Bakari kando yangu, na nyuma Shangazi Mwanahamisi amekumbatia katoni ya marashi ya waridi, chupa kumi na mbili, za kuwarashia wageni. Tukapita Tongoni naimba. Tukapita Kigombe naimba. Mbele kidogo, katikati ya mashamba ya mkonge, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, na moshi mweupe ukatoka mbele kama tunapika.

Nikaruka chini, mkono moja kwa moja kwenye kizibo.

"Acha!" Mzee Bakari alinguruma. "Unataka kuoa huna uso?"

Tukangoja lipoe. Mwanangu, sijawahi kungoja vile. Nilitembea huku na huko na joho langu, natazama jua, namwona yule binamu akitabasamu. Barabara enzi hizo ilikuwa ya vumbi na magari ya kuhesabu, hakuna wa kutuchukua. Lilipopoa, mzee akafungua koki ya chini ya rejeta, na kilichotoka hakikuwa cha kijani wala chekundu. Kilikuwa uji mzito wa kahawia.

Aliutazama, akanitazama mimi. "Umetia nini humu?"

Nikamwambia yote. Nilitamani anitukane, kumbe alisema polepole tu: "Nilikwambia gari linataka nini. Wewe ukamsikiliza asiyelijua gari, kwa kuwa amekusifu. Kesho mkeo atakwambia anataka nini. Utamsikiliza nani?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko jua lote lile. Nikanyakua dumu, nikitaka kukimbilia kisima nilichokiona karibu na pwani. Mzee akanikamata joho. Maji ya pale yalikuwa chumvi tupu, na chumvi hula shaba. Kisha akageuka, akaitazama katoni.

"Mwanahamisi, lete marashi."

"Thubutu!" Shangazi akaikumbatia zaidi. "Ya wageni haya! Niende kwa watu mikono mitupu?"

"Bora mikono mitupu kuliko kwenda bila bwana harusi. Waridi huchemshwa, mvuke wake ukakusanywa. Haya maji hayana chumvi."

Shangazi alilia kwa hasira, lakini alizifungua mwenyewe, moja moja, akisema bismillahi kila chupa. Tatu zikasuuza uji uliobaki, tisa zikamiminwa ndani. Gari likawaka! Mzee akaamuru tuwashe hita mpaka mwisho ili ivute joto la injini. Hita, mwanangu! Pwani ya Tanga, jua la alasiri, mimi ndani ya kanzu na joho! Tulikwenda taratibu, jasho likitutoka, kizibo kikivuja mvuke kidogo kidogo, na njia nzima nyuma yetu ikinukia waridi.

Pangani tuliingia watu wanatoka msikitini. Mzee Salim alikuwa kibarazani, ameinama, ameshika pembe ya mkeka. Harufu ilimfikia kabla ya gari. Akanyanyua kichwa, akaniona nimelowa kama nimetoka kuogelea, akanusa tena.

"Hili gari limejiandaa kuliko bwana harusi," akasema, na akaachia mkeka.

Basi mwanangu, hiyo chupa uliyonunua iweke kando kwanza. Huku kwetu hakuna barafu ya kuogopa, lakini kulanti inazuia injini kuchemka na inazuia kutu, kwa hiyo usijidanganye kwa maji matupu. Soma kitabu cha gari, kimeandika aina inayotakiwa. Rejeta ya shaba ya zamani mara nyingi inataka ile aina ya kijani ya zamani. Lakini usiamini rangi peke yake, kila mtengenezaji hutia rangi yake, soma maandishi ya kwenye chupa. Kama hujui kilichomo, mwaga chote, suuza mpaka maji yatoke safi, ndipo utie aina moja tu. Ya kuchanganyia iwe maji ya betri yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu, na maji ya kisima uwaachie minazi. Kizibo usikiguse injini ikiwa moto. Na chupa ifiche mbali na watoto na paka, ina ladha tamu na ni sumu. Zaidi ya yote, msikilize anayelijua gari lako, hata kama hakusifu.

Mimi tangu siku ile nimejifunza kumsikiliza mama yako. Miaka yote hii, akisikia harufu ya waridi popote, hata msibani, huniinamia sikioni: "Mume wangu, tumechemka?"

Mungu akubariki na chombo chako, akulinde katika kila njia, akufikishe kwa wakati kwa kila anayekungoja, na akujaalie wa kukwambia ukweli kabla ya safari. Amina. Sasa lete spana, tufungue hiyo koki.