Waliosimama Mbele ya Serge

Sogea karibu, mwanangu. Nakumbuka Jumapili moja ya manyunyu mjini Brussels, miaka ile ya elfu mbili na kitu, rafiki yangu Serge alipoinuliwa tena kutoka kwenye matope akaniuliza polepole kama meno yake yote bado yapo. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa mwanafunzi kutoka Morogoro, nimepanga chumba mtaa wa Saint-Gilles. Serge alikaa ghorofa ya juu yangu na mama yake, Maman Béa, mwenyeji wa Lubumbashi aliyekuwa na saluni ya kusuka nywele mtaa wa Matonge. Serge ndiye aliyenitia kwenye ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Mchezo ule una mrushaji mmoja. Anapokea mpira akiwa nyuma, anautazama uwanja, kisha anamrushia mwenzake aliye mbali. Huyo alikuwa Serge. Mbele yake husimama walinzi watano, kazi yao kuwazuia wapinzani wasimfikie kabla hajarusha. Hao mpira hawaushiki, na majina yao hayaimbwi na mtu.

Msimu uliotangulia, mipira ya Serge ilitua vifuani mwa wenzake kama iliyotumwa. Kisha mlinzi wetu wa kushoto, Mbelgiji mmoja mkubwa, akapata kazi Liège akahama. Upande ule, kwa mtu arushaye kwa mkono wa kulia, akijigeuza kurusha, ndio mgongoni, haoni ajaye. Wapinzani wakaligundua pengo, na Serge akapigwa kila mechi. Ikafika mahali akawa anarusha harakaharaka hata asipokaribiwa na mtu, macho yake yakiwatazama adui badala ya wenzake walio huru. Aliyeumwa na nyoka, mwanangu, akiona ung'ongo hushtuka. Watu wakasema mkono wake umekwisha, na kijana mwingine akaanza kuandaliwa kushika nafasi yake.

Kocha wetu, Papa Ilunga, mzee wa Katanga aliyejifunza mchezo ule Kanada, aliwasikia akatikisa kichwa.

"Bon, mukono yake haina ugonjwa," alisema. "Munatazama muntu mwenye kuanguka. Mutazame fasi bale bantu banapitia." Akanyoosha kidole pale kushoto wapinzani walipopenyea, kisha akanigeukia mimi. "Weye Mutanzania, leo utasimama kushoto."

Mimi nilikuwa mpokeaji wa mpira, ingawa mwili wangu ulikuwa mzito kuliko wa wapokeaji wenzangu. Nilishafunga goli, na picha yake nilishamtumia mama nyumbani.

"Papa, huko kushoto mpira sitaugusa kabisa," nikamwambia.

"Donc unapenda balo kupita rafiki yako?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu iwapo naupenda mpira kuliko Serge. Nikaenda kushoto.

Ikaja mechi ya kufunga msimu. Maman Béa alifunga saluni akaja, ametuonya mapema: "Mutoto yangu akianguka tena, minaingia mule mu terrain, minamukamata, tunaenda kwetu." Hakuna aliyedhani anatania kuhusu kuingia uwanjani.

Mwanzoni Serge aliendelea kurusha ovyo. Tulipokusanyika kupanga mchezo nikamshika bega. "Mimi nipo kushoto. Usitazame huku."

"Nitajua namna gani kama uko?"

"Utajua kwa kuwa hutaanguka."

Aliyenikabili alikuwa na nguvu kunishinda. Alinisukuma, nikarudi nyuma kidogo kidogo, lakini sikumpisha. Serge akasubiri. Mara ya pili akasubiri zaidi, mabega yake yakalegea, na mpira ukapita juu ya kichwa changu. Sikuuona ulikotua, maana uso wangu ulikuwa kifuani mwa yule bwana. Nilisikia tu jukwaa likilipuka kwa shangwe. Baada ya hapo Serge alikuwa yule yule wa zamani, na mechi tukaishinda.

Watu walimbeba juu. Maman Béa alishuka jukwaani, akampita mwanawe, akaja kwetu sisi walinzi. "Ni nani alikuwa kule kushoto?" Wenzangu wakanionyesha. Akanishika mashavu yenye matope kwa mikono miwili. "Aksanti, mwana yangu." Nilishawahi kushangiliwa, lakini furaha ya siku ile sijaipata kwa goli lolote.

Mwanangu, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ukimwona mtu hodari kazi yake imeharibika ghafla, usikimbilie kusema amekwisha. Uliza kwanza nani ameondoka ubavuni mwake. Nawe ukipewa nafasi ya kumkinga mwenzako, usiione ndogo kwa sababu haina makofi. Siku ukibebwa juu mabegani, wajue kwa majina waliosimama mbele yako.

Mola akujalie watu wa kukulinda upande usiouona, akupe na kifua cha kuwalindia wengine. Uende kwa heri, na heri ikutangulie.