Kitangi Kilichovuja Mfukoni mwa Baba

Nakichukia kile kitangi mpaka leo. Kilikuwa cha plastiki angavu, urefu wake hauzidi kidole cha shahada, kimekaa juu ya betri nyeusi ya sigara ya umeme, na ndani yake mnatiwa maji ya nikotini yenye harufu ya tumbaku ya uongo. Utambi hunywa maji, waya mdogo hupata moto, na mtu akivuta hutoka kitu kinachofanana na moshi. Mwenzangu wa kazini aliniletea kutoka Dubai mwaka 2009, kwa sababu hapa Muscat wakati ule hata hujui uulizie duka gani. Nilimwagiza viwili. Kimoja cha baba, aliyekuwa keshaambiwa na daktari kwamba mapafu yamebaki kidogo, na kwamba asipoacha sigara asitazamie kukaa sana. Cha pili kilikuwa changu, na hilo sikumwambia mtu nyumbani.

Kwetu mtu havuti mbele ya baba yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hata uwe na mvi na watoto wako mwenyewe, unatoka nje, unavuta, unatafuna hiliki, ndipo unarudi kukaa naye. Nilianza kuvuta miaka ya tisini nikiwa mwanafunzi, na kwa muda wote huo nilitafuna hiliki. Baba yeye alivuta sebuleni kwetu mtaa wa Mawaleh kwa raha zake, mguu juu ya mguu, mama akipita nyuma yake na chetezo cha udi kufukuza harufu. Yeye ndiye mkubwa. Mdogo ndiye anayejificha.

Nilimpa siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Alivaa miwani, akakigeuza kitangi huku na huku.

"Hichi kinavutwaje?"

"Karatasi inasema unabonyeza hapa, baba, kisha unavuta."

"Hebu nioneshe."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa nimekwisha kuvuta changu asubuhi ile ile, nimejifungia chooni. "Mimi sijui, baba," nikasema. "Sijawahi kuvuta kitu." Akaniangalia kidogo juu ya miwani, kisha akakitia mdomoni.

Alikivuta kama anavyovuta sigara, kwa nguvu, mashavu yakiingia ndani. Kitangi hakitaki hivyo. Ukikivuta kwa pupa maji yanapanda kwenye tundu la kati, na unayapata ulimini, makali kama pilipili. Baba alitema kwenye kitambaa, akakohoa mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni.

Changu nacho kilinifanyia vituko, lakini kwa siku tatu tu. Nilijaribu, nikakosea, nikajaribu tena. Nikajua kwamba maji humiminwa ubavuni, hayamwagwi katikati, na kwamba utambi mpya unataka dakika kumi unywe kwanza, la sivyo unaungua na kila pumzi inakuwa na ladha ya kitambaa kilichoshika moto. Siku ya pili nilikisahau garini, kwenye joto la Julai. Maji yakawa mepesi kama chai, yakamwagikia kiti. Mwishowe nikakifungua chote na kugundua kwamba kijimpira cha chini cha kuziba maji kilikuwa kimekaa upande. Nikakinyoosha, nikakaza. Basi, hakikuvuja tena.

Kwa baba nilijaribu kupita kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia nimesoma kwenye mtandao kwamba inafaa kuvuta polepole.

"Polepole vipi?"

"Polepole tu, baba."

"Mie navuta polepole."

Hakuwa anavuta polepole. Jambo lile halielezeki kwa maneno, linataka mtu akae mbele yako, atie mdomoni, umwone kifua kinavyopanda. Mimi nilikaa mbele yake mikono magotini, mtoto mwenye adabu.

Hata hivyo alijitahidi, maskini. Kwa karibu wiki mbili hakugusa sigara. Alikitia kitangi mfuko wa kifuani wa kanzu na kwenda nacho msikitini, na msikitini ndipo mambo yalipoharibika. Kila akisujudu kitangi kilipinduka, na kila kikipinduka kilivuja. Alikuwa akirudi na doa la manjano kifuani. Mama alilisugua kwa ndimu, akaloweka, akaanika. "Hii kanzu ya tatu," akaniambia mimi, kana kwamba ndimi niliyevuja.

Doa lingevumilika. Lililomshinda baba ni jingine. "Haya maji yana nini ndani?" aliniuliza akiwa bado mlangoni. "Khasa yana nini? Twahara, au si twahara?"

Sikujua. Karatasi ilikuwa ya Kichina na Kiingereza kibovu. Siku hiyo alibadilisha kanzu na kuzisali upya sala zote alizosali na doa lile, akihema baada ya kila rakaa, na mimi niko chumba cha pili namsikia. Kesho yake alikirudisha kitangi ndani ya boksi lake. "Sigara haivuji," akasema. Akaagiza pakiti ya sigara dukani.

Ningeweza kukichukua kile kitangi, nikanyoosha mpira, nikamrudishia. Kazi ya dakika mbili. Lakini angeniuliza nimejuaje, na mimi niliogopa swali hilo moja kuliko nilivyoogopa kifua chake. Nilijidanganya kwamba ni heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, nami niliyaficha yangu kwa gharama ya mapafu ya mtu mwingine.

Majira ya baridi baba alilazwa. Alasiri moja mama alikwenda kusali, tukabaki wawili. Aliishusha barakoa ya oksijeni mpaka kidevuni, akasema kwa sauti ndogo:

"Chako nacho kinavuja?"

Nilitaka kuuliza, changu kipi? Lakini alikuwa akiniangalia kwa upole kabisa.

"Hakivuji, baba. Nilikitengeneza."

"Lini?"

"Wiki ile ile."

Alifumba macho, akavuta pumzi mbili tatu fupi. Nilisubiri anikaripie. Natamani mpaka leo angenikaripia.

"Siku ile nlipokwambia unioneshe," akasema, "nlikuwa nnakupa ruhusa, mwanangu."

Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikamrudishia barakoa, nikaushika mkanda wake nyuma ya kichwa usiteleze, na nikakaa hivyo, namsikiliza akiitafuta pumzi.