Kasha Jipya na Nailoni Yake

Mgeni akikaa sebuleni kwetu hapa Baraka, viti vinapiga kelele. Ni viti vya sponji tulivyonunua watoto wakiwa bado wanatambaa, na hadi leo vimevaa nailoni ileile ya dukani. Wakati wa jua kali ukiinuka, nailoni inainuka nawe. Rimoti ya televisheni inakaa ndani ya mfuko wake. Thermosi bado ina karatasi yenye picha ya ua. Redio ina ngozi ya plastiki usoni, imekuwa ya manjano kiasi kwamba namba za stesheni hazisomeki, na mtu anatafuta habari kwa kubahatisha.

Mwenye sheria hiyo ni mama mkwe wangu, anayeishi nasi. Nisimwonee, nusu ya mji ni hivyohivyo. Vijana wa pikipiki wanaobeba watu kwenda Nundu na Fizi hawabandui karatasi ya tangi mpaka jua liibandue lenyewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini wengine huchoka na mambo hayo, mama mkwe hachoki. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la kijani, nalo limefungwa ndani ya plastiki, na hakuna mjukuu aliyewahi kuona kilichomo. Nilikuwa nikimtania mke wangu kwamba ni kweli akiba haiozi, ila ya mama yake huenda imeshaota uyoga.

Nilimtania mke wangu kwa sababu mama mwenyewe sikuweza kumtania. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Namsalimia kwa mbali, macho chini, na akiwa na neno kwangu analipitisha kwa binti yake, hata kama sote watatu tumo chumba kimoja. "Mwambie mukwe chai iko mezani." Nimesikia. Mke wangu ananigeukia: "Chai iko mezani." Nami najibu: "Mwambie mama asante." Tumeishi hivyo miaka mingi, na hatujawahi kugombana. Si ndoa nyingi zinaweza kusema hivyo.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Amefundisha watoto wengi wa mtaa huu kushika kalamu, wakiwemo wa kwetu. Ila diploma, cheti cha kumaliza sekondari, hana. Alikuwa amefika mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa mtihani wa taifa, ule tunaouita Exetat, vita vikaja, familia yao ikavuka ziwa kwenda Tanzania. Waliporudi alikuwa mtu mzima, kisha akawa mke wangu, kisha mama. Mwaka jana mkurugenzi wa shule yake alimwita akamwambia kwa upole kwamba mwaka mpya wa masomo ukianza, asiye na diploma hatasimama tena mbele ya darasa. Amri imetoka juu. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema: "Mi ntaifanya ile Exetat." Na umri wake ule! Nilimwangalia nikaona hataki maoni yangu.

Mdogo wake wa kiume, anayefanya kazi za kompyuta Bukavu, ndiye aliyetuletea chombo cha kusomea. Ni kompyuta nzima juu ya ubao mmoja, ndogo kuliko Agano Jipya la mfukoni. Unaichomeka kwenye televisheni na kibodi, na ndani yake shemeji alikuwa amejaza masomo ya video: Kifaransa, hesabu, fizikia, walimu halisi wakiandika ubaoni. Haihitaji mtandao. Nyumbani tuliiita kamashini. Ilikuja uchi, bila kasha, nami nikaivalisha kisanduku cha sabuni cha plastiki, kile chenye kifuniko, nikakitoboa matundu kwa msumari wa moto. Nilijisifu sana.

Shida ilikuwa joto. Umeme wetu ni wa jua, na batri yetu imezeeka, kwa hiyo mke wangu alilazimika kusoma mchana akitoka shule, plaki, ile paneli ya jua, ikiwa na nguvu. Na mchana ndipo chini ya mabati yetu panapochemka. Somo likianza tu, picha ndogo ya kipimajoto inatokea pembeni mwa televisheni. Kisha mwalimu wa video anaanza kusema kwa kukatikakatika. Kisha anabaki mdomo wazi, chaki juu, na kioo kinazima. Tukiacha kamashini ipoe na kuiwasha tena, somo linaanza mwanzo. Kuna somo moja la fizikia ambalo mke wangu alijua nusu yake ya kwanza kwa moyo, na nusu ya pili hakuwahi kuiona.

Siku moja nilitoka kwenye cherehani yangu barazani, mimi ni fundi wa nguo, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda karibu na televisheni akiipepea kamashini kwa kile kipepeo cha kupepea makaa ya mbabula, jiko letu. Hajui Kifaransa hata neno. Alipepea somo zima, akibadilisha mkono, huku binti yake akiandika na kujaribu kutomwangalia. Kioo kilizima kabla somo halijaisha. Mama aliweka kipepeo chini akatazama mikono yake. Mimi nilirudi barazani nikaikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika, maana hasira zangu ni moto wa mabua, lazima ziwake kidogo ndipo zizime.

Tulimpigia shemeji. Akasema kuna kasha lingine, la alumini, lililotengenezwa ili lenyewe lifyonze joto la kompyuta na kulitoa nje, na atalitafuta. Barabara ilikuwa mbaya wakati ule, kwa magari na kwa watu, tukangoja. Hatimaye lilifika ndani ya begi la mchungaji mmoja aliyekuwa anarudi kwa pikipiki kupitia Makobola, limefungwa ndani ya soksi ya shemeji. Soksi safi, namshukuru Mungu. Na shemeji pia namshukuru, kwa sababu najua mahali alipo hakuna anayekaa na vya ziada.

Kasha lile lilikuwa zuri. Zito mkononi, jeusi, vipande viwili vinavyokutana, na cha juu kina mbavu zilizopangwa kama za kitana. Kila upande ulivaa karatasi ya plastiki inayong'aa. Pamoja nalo kulikuwa na skrubu ndefu nne na kipande laini cha mpira wa kijivu, saizi ya ukucha wa dole gumba, kilichovikwa utando mwembamba wa buluu chini na juu. Kazi ya mpira ule ni kukaa kati ya chipu, ambayo ndiyo inayowaka moto, na kinundu kilicho ndani ya kasha, ili joto lipite.

Niliosha mikono, nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikachukua bisibisi ndogo ya cherehani. Kuna kazi zinazotuliza roho, na kukutanisha vitu vilivyopimwa vizuri ni mojawapo. Niliitoa kamashini kwenye kisanduku cha sabuni, nikapuliza vumbi na mguu wa mende, nikailaza kwenye kipande cha chini. Matundu yalikutana na matundu. Nilipofika kwenye karatasi za plastiki, kidole changu kikasimama, na mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, akasema na binti yake upesi:

"Mwambie mukwe asitoshe ile nailo! Kitu ikiwa mupya unaiachiaka nguo yake. Siku yake itafika njo utaivula."

"Umesikia?" mke wangu akaniuliza.

"Mwambie mama nimesikia."

Wala sikubisha moyoni. Kitu kimesafiri kutoka Bukavu kikiwa kimevaa, mimi nani nikivue? Niliacha plastiki ya juu, ya chini, na ule utando wa buluu kwenye mpira, pande zote mbili, nikaona hata umekaa vizuri. Nikakaza skrubu kwa kupokezana kona na kona, kama inavyotakiwa. Mama akapiga makofi.

Siku ya pili kipimajoto kikatokea palepale. Mwalimu akabaki mdomo wazi palepale.

Nilimlaani shemeji, soksi yake na duka lake. Nilisema wametuuzia bati. Mtihani ulikuwa umekaribia, na mke wangu hakulia mbele yangu, lakini alianza kufunga madaftari taratibu, na mimi hilo lilinitisha kuliko machozi. Kisha akanyoosha mkono akaweka kiganja juu ya kasha. Akakiacha hapo.

"Baba batoto, kuya ushike."

Nikashika.

"Sanduku iko baridi," akasema. "Ndani kunaungua, kwa juu kuko baridi. Ile moto inabakia wapi?"

Mimi nikasema, moto umebaki ndani, ndiyo maana inazima. Akatikisa kichwa, akafungua daftari lake la fizikia kwenye ile nusu ya somo aliyoijua kwa moyo, akaniwekea kidole. Chuma kinapitisha joto. Plastiki inalizuia. Ndiyo sababu kijiko cha chuma kina mpini wa plastiki. Kisha akanitazama kwa jicho analowatazamia watoto wa darasa la kwanza wanaokaribia kupata jibu, akangoja. Nilipoelewa, masikio yangu yalipata moto kuliko chipu.

Lakini nani angemwambia mama? Si mimi. Mke wangu alimwita, akamkalisha, akamweleza polepole kwamba kamashini inaumwa kwa sababu imevalishwa nguo mahali inapotakiwa kugusana na chuma uchi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu.

"Ile nailo njo inazimaka masomo yako?"

"Ni yenyewe, mama."

"Basi mutoshe. Mutoshe yote."

Nilifungua skrubu. Alipoona nahangaika kuushika ule utando wa buluu kwa vidole vyangu vinene, akanyoosha mkono kwa binti yake, na mke wangu akampa kile kipande cha mpira. Mama akaubandua kwa ukucha, upande mmoja, kisha wa pili, taratibu, bila kuuchana. Akaikunja ile buluu akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Nikajiuma mdomo nisicheke.

Nilipofunga tena na kuwasha, sote tuliangalia pembe ya kioo, na mabati yakilia kwa joto juu yetu. Kipimajoto hakikutokea. Mke wangu akaweka kiganja juu ya kasha, akakitoa haraka. "Iko moto!" akapiga kelele, na sijawahi kusikia mtu akifurahia kuungua namna ile. Siku ile aliona nusu ya pili ya somo la fizikia. Aliona na mengine yaliyofuata, siku baada ya siku, mpaka alipokwenda kukaa kwenye chumba cha mtihani na vijana wanaoweza kuwa wanawe. Nami nilimshonea blauzi nyeupe ya kwendea, yenye kola iliyosimama vizuri.

Matokeo yalikuja kwa ujumbe wa simu. Nilikuwa barazani. Mke wangu alinipa simu, nami nikasoma mara mbili kwa sababu herufi zilikuwa zinaogelea. Amefaulu. Nilipiga ukelele, majirani wakamiminika, akina mama wakapiga vigelegele, na kama desturi yetu ilivyo, watu wakaanza kuuliza poda iko wapi, maana aliyefaulu Exetat lazima amwagiwe poda mpaka awe mweupe. Ndani hatukuwa nayo. Sikuthubutu kuinunua kabla, niliogopa kuita mkosi. Nikawa natafuta viatu niende dukani.

Mama mkwe akatoka na sanduku la kijani.

Aliliweka chini katikati ya watu, akavua plastiki, akafungua. Juu kabisa ulikuwepo utando wetu wa buluu, umekunjwa vizuri. Chini yake kitenge, ndani ya kitenge gazeti, ndani ya gazeti mfuko, ndani ya mfuko kopo la poda ambalo maandishi yake yalikuwa yamefifia, na mfuniko wake haujawahi kufunguliwa.

"Niliinunuaka ule mwaka uliingia ya sita," alimwambia mke wangu. "Tukakimbia nayo. Tukarudia nayo."

Mke wangu aliweka mikono kichwani. Ndipo alipolia, na mama akamwagia poda juu ya machozi, kichwani, mabegani, kwenye blauzi, huku watu wakicheza na kuimba. Mimi nilisimama pembeni, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Nilikuwa nafikiria utani wangu wa uyoga.

Kisha nikaona miguu yake mbele yangu.

"Mukwe," akasema, na hakukuwa na mtu kati yetu, "inama."

Niliinama. Poda ilishuka masikioni, na mkono wake ukakaa juu ya kichwa changu kwa muda mrefu kuliko poda ilivyohitaji.