Hongera kwa Mifupa Kuuma

Kazini walimwita Bi Chembe, naye aliitika bila kununa. Katika kiwanda cha dawa, kazi yake ilikuwa kulea bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, ili watengeneze protini ya kuuamsha uboho wa mifupa uzalishe seli nyeupe, wale askari wa damu. Aliwabembeleza kwenye matangi yao kama watoto wachanga. "Kuleni, wanangu, msiniaibishe."

Walimwaibisha miaka nenda rudi. Protini ilitoka imejisokota kama uzi uliochezewa na paka, na kuikunjua ikae sawasawa ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Isitoshe, ukiitikisa inaharibika. Bi Chembe alizoea kukaripia watikisaji, hata nyumbani mumewe akawa anamimina juisi kwa kunyatia.

Wifi yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, ndiye aliyemcheka zaidi. "Kaka yangu kaoa mfugaji wa vijidudu! Ungefuga kuku, angalau tungekula mayai."

Hatimaye dawa ikakubali, ikajaribiwa, ikaruhusiwa hospitalini. Kisha wifi akapatikana na saratani ya titi. Matibabu yalipunguza uvimbe, lakini yakafagia na seli nyeupe. Daktari alisita kuendelea, akihofia maambukizi, akamwandikia sindano. Bi Chembe alipoliona boksi la sindano hizo, alitambua dawa ya kiwanda chake. Kwa mara ya kwanza aliiogopa dawa yake mwenyewe.

Siku chache baadaye simu ikalia.

"Wifi, umenipa nini? Kiuno kinauma kama nimebeba vyerehani vya mtaa mzima!"

"Na nyonga je?"

"Nazo!"

"Hongera!"

"Mtu anaumwa, unampa hongera? Ndoa ya kaka yangu naivunja leo."

Bi Chembe alijieleza harakaharaka: uboho umeamka, unachapa kazi, ndiyo maana mifupa inalalamika, amwambie muuguzi ampe kituliza maumivu.

Kipimo kilichofuata kilimfanya daktari atabasamu: seli zimepanda, matibabu yaendelee. Bi Chembe, ambaye siku zote alisoma matokeo ya wagonjwa asiowajua bila kupepesa macho, aliangua kilio pale kwenye benchi la korido ya hospitali. Waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kumpa pole.

"Jamani, mgonjwa ni mimi," wifi akawaambia, huku amemkumbatia. "Huyu ni mwenye dawa."